Kifua Kilichogongwa Bila Kutoka Damu: Maswali na Majibu

Moyo unawezaje kuumia ilhali kifua hakijachomwa wala kukatwa?
Moyo umekaa nyuma ya mfupa wa kidari. Kifua kinapojigonga kwenye usukani wa gari au mpini wa bodaboda, moyo hubanwa kati ya mfupa huo na uti wa mgongo, na misuli yake huweza kuvilia damu au hata kupasuka.

Kama hakuna kidonda na majeruhi anatembea mwenyewe, ana haja ya kwenda hospitali?
Anayo. Ngozi kuwa nzima si ushahidi kwamba moyo ni mzima. Sisi tunaopokea majeruhi tunaumia sana kuletewa siku ya pili mtu aliyekandwa maji ya moto usiku kucha, akanyweshwa dawa za maumivu, na sasa anahema huku shinikizo lake la damu likiwa limeshuka.

Na maumivu yakipungua baada ya kukandwa?
Bado aende, tena siku hiyo hiyo. Dawa ya maumivu haizuii mapigo ya moyo kuvurugika, wala haiondoi damu inayojikusanya kwenye mfuko unaouzunguka moyo. Akianza kuhema, kusikia kizunguzungu, kuzirai, au mishipa ya shingo ikivimba, kila dakika ina thamani: ndugu mmoja afuatilie PF3, yaani fomu ya polisi ya majeruhi, mgonjwa apelekwe hospitali moja kwa moja.

Hospitalini atafanyiwa nini?
Kwanza huhakikishwa kwamba anapumua vizuri na damu inazunguka. Kisha hupimwa umeme wa moyo, yaani ECG, pamoja na troponini katika damu, yaani protini inayovuja kutoka kwenye misuli ya moyo iliyoumia. Vyote viwili vikiwa vya kawaida, uwezekano wa jeraha kubwa la moyo ni mdogo sana. ECG ikionyesha hitilafu, hulazwa na kufuatiliwa kwa mashine kwa saa 24 hadi 48, na asiombe ruhusa mapema kwa sababu anajisikia vizuri. Ultrasaundi ikionyesha damu inaukaba moyo, kuivuta kwa sindano huleta nafuu ya muda tu. Tiba yenyewe ni upasuaji wa haraka.

Mchezaji akipigwa na mpira kifuani na kuanguka papo hapo?
Kama haitiki wala hapumui kawaida, msimmwagie maji na msimpepee. Itisheni msaada, na mmoja wenu aanze mara moja kumkandamiza katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana bila kusita hadi ipatikane mashine ya kushtua moyo.