Malaria jijini Nairobi: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Dhana: “Nairobi hakuna malaria, kwa hivyo homa hii ni kitu kingine.”

Nusu yake ni kweli, na hapo ndipo watu wanapoponzeka. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Penye baridi, vimelea huchelewa kukomaa ndani ya mbu, na mara nyingi mbu hufa kabla hajaweza kumwambukiza mtu. Wengi wanaopatikana na malaria hapa wameitoa kwingine: Kisumu, Siaya, Homa Bay, Busia au Pwani. Mtu huenda mazishini, akapanda basi la usiku, asubuhi yuko kazini. Dalili za malaria huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, kwa kawaida ndani ya mwezi mmoja, na kufikia hapo safari imeshasahaulika. Daktari asipouliza, mwambie mwenyewe: wiki mbili zilizopita nilikuwa Siaya.

Dhana: “Mimi ni mtu wa ziwani, malaria hainiwezi.”

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Kinga ya aliyekulia Nyanza hujengwa na kuambukizwa mara kwa mara, na hupungua akikaa miaka mjini. Wanawe waliozaliwa Nairobi hawana kabisa. Desemba wanapelekwa kwa nyanya, wanacheza na binamu zao, kisha shule zikifunguliwa wao ndio wanaolazwa. Wafungieni neti, hata kama nyumba imejaa wageni na watoto wanalala chini sebuleni. Pindo zake ziingizwe chini ya godoro. Mama mjamzito amwone daktari kabla ya kusafiri, maana dawa za kuzuia zipo ila si zote zinazomfaa.

Dhana: “Ukitoka ushago na homa, pitia kemisti ununue dawa ya malaria.”

Homa hiyo yaweza kuwa nimonia, au dengi kama umetoka Pwani. Pima kwanza. Kipimo cha haraka huhitaji tone la damu ya kidole, na majibu hutoka baada ya dakika 15 hadi 20. Kikionyesha huna na homa iendelee, rudi upimwe tena kesho yake. Ukipatikana na malaria na kupewa AL (dawa ya malaria, artemether-lumefantrine), humezwa dozi 6 kwa jumla ndani ya siku 3, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Maliza dozi yote, hata ukipata nafuu siku ya pili. Usibakishe vidonge vya safari ijayo.