Upanga wa mikono miwili hauchaguliwi kwa misuli

Kwenye vibanda vya video vya Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, bado watu wanaaminishana kwamba upanga wa mikono miwili wa Ulaya ulikuwa na kilo 10 au zaidi, hivyo uliwafaa mapandikizi ya watu tu. Si kweli. Panga ndefu za vita za karne ya 15 nyingi zina kilo 1.2 hadi 1.8, hazifiki pakiti mbili za sukari. Zilizokuwa nzito kupindukia zilitengenezwa kwa gwaride.

Kilichoangaliwa ni kimo. Filippo Vadi, mwalimu wa upanga wa Italia wa karne hiyo, alitaka upanga ukisimamishwa ncha chini, kitako cha mpini kifike kwapani. Chukua fimbo, isimamishe ubavuni: mwenye sentimita 160 atapata kama 120, mwenye 185 kama 140. Kwangu hiki ndicho kipimo cha kuanzia, kabla hujagusa mizani. Upanga ukikuzidi, ncha inakwaruza ardhi kila unapopiga chini, nawe unainua mabega kuiokoa na kuchoka mapema.

Karne ya 16 zilikuwepo zilizofika kimo cha mtu, kilo 2 hadi 3.5, lakini hizo zilikuwa za kuzuia watu wengi kwa mpigo.