Mickey si wa Watoto Peke Yao

"Sisi watu wazima tutakaa pembeni, watoto ndio wapige picha na Mickey." Karibu kila familia ninayoipangia safari ya Walt Disney World, bustani za burudani kule Florida, Marekani, huniambia hivyo, na kusema kweli nimechoka.

Dhana: Foleni ya kukutana na wahusika, yaani waigizaji waliovaa kama Mickey na wenzake wa katuni, ni ya watoto, mtu mzima asiye na mtoto atarudishwa au atachekwa.

Nani kasema? Walt Disney alipofungua Disneyland, bustani yake ya kwanza, kule Anaheim, California, tarehe 17 Julai 1955, maneno yake ya ukaribisho yaliwataja wazee kwanza, waje wakumbuke mema ya zamani, ndipo yakawageukia vijana. Yameandikwa kwenye kibao chini ya mlingoti wa bendera. Na kama tatizo ni umri, soma tiketi yako: Florida, bei ya mtu mzima inaanzia miaka 10. Mnalipa bei kamili, halafu mnakwenda kushikilia mabegi!

Hakuna mhudumu atakayekuuliza mtoto wako yuko wapi. Tena mtoto wa miaka miwili akiletewa panya mrefu kumzidi kwa mbali, mara nyingi huangua kilio. Mtu mzima anajua utani, na waigizaji wale wanapenda utani. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, nilimbembeleza mpaka akapanga foleni ya Belle, yule msichana mpenda vitabu wa Beauty and the Beast, kwenye banda la Ufaransa la EPCOT, mojawapo ya bustani za Walt Disney World. Belle akamuuliza siku hizi anasoma nini. Mama akaanza kumsimulia riwaya ya Kiswahili aliyoifundisha kidato cha nne, naye Belle akataka kujua mwisho wake. Mwanawe, aliyekuwa akiona aibu tangu asubuhi, ndiye aliyetoa simu kurekodi.

"Lakini najua ni mwigizaji tu." Hata kwenye mchezo wa jukwaani unajua, na bado unacheka.

Dhana: Wahusika hawasemi. Wenye vichwa vya kuvaa, kama Mickey na Goofy, kwa kawaida hutumia ishara. Wenye nyuso wazi huongea, na Gaston, yule mwenye majivuno anayemtaka Belle, akianza kujisifu hanyamazi. Kwa jirani zao, bustani ya Universal, Megatron, roboti mwovu wa Transformers, atakudhihaki mbele za watu. Usijibu kwa hasira.

Dhana: Kila picha inalipiwa. Kukutana nao kumo ndani ya tiketi. Mpiga picha wa bustani atakupiga kwa simu yako bure ukimwomba; zinazouzwa ni zile za kamera yake. Cha kulipia ni mlo pamoja na wahusika, kwa mfano pale mgahawa wa Chef Mickey's, na napo meza hupewi kwa sababu ya mtoto.

Dhana: Nikishona gauni la Cinderella nitapendeza zaidi. Utaishia getini. Siku za kawaida, mwenye miaka 14 na kuendelea haruhusiwi kuvaa kama mhusika. Ruhusa hutolewa kwenye sherehe maalumu, kama zile za usiku za Halloween zenye tiketi yake. Vaa rangi za mhusika umpendaye tu. Kitenge cha buluu na njano, na utepe mwekundu kichwani, Snow White ataelewa mara moja.

Ukitaka saini, beba kalamu nene. Mickey amevaa glavu, na kalamu nyembamba itamponyoka huku foleni nzima ikikutazama.