Halmashauri Ikimpa Mkandarasi Kazi ya Taka: Mzoa Taka na Mfagiaji Wanabaki na Nini?

Mkandarasi mpya anapoanza kuzoa taka kwenye kata, wakazi huona gari jipya na sare za rangi nyingine, basi. Taka ni zilezile, vichochoro ni vilevile, na mara nyingi wanaoning'inia nyuma ya gari ni walewale waliokuwa wakilipwa na halmashauri mwezi uliopita. Kilichobadilika ni nani anadaiwa mshahara wao na fedha ya kuulipa inatoka wapi. Mabadiliko hayo mawili hayaonekani barabarani, ila ndiyo yanayoamua kama mfanyakazi atalala na chakula au bila chakula.

Dar es Salaam imepitia njia hii mapema kuliko miji mingi ya ukanda wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 halmashauri ya jiji ilikuwa ikizoa chini ya asilimia 5 ya taka zilizozalishwa kila siku. Dampo la Tabata lilifungwa mwaka 1991 baada ya wakazi kushtaki na kushinda mahakamani, na mwaka 1992 ikabidi ifanyike kampeni ya dharura ya kusafisha jiji. Mwaka 1994 kata za katikati ya jiji zikakabidhiwa kampuni binafsi. Serikali ilipoivunja halmashauri mwaka 1996 na kuweka Tume ya Jiji, mlango ulifunguliwa zaidi: makampuni madogo na vikundi vya mitaani, vingi vikiwa vya akina mama, vikapewa maeneo. Kufikia mwaka 2001 taka zilizokuwa zikizolewa zilikadiriwa kufika asilimia 40.

Hayo ni mafanikio ya kweli na hayafai kubezwa, maana kipindupindu hakimuulizi mtu nani mwajiri wa mzoa taka. Lakini tani zilizofika dampo hazituambii zilifikishwa kwa mshahara gani, na hapo ndipo pa kuangalia kwa makini.

Fedha inapita mkononi mwa nani?

Mikataba ya kuzoa taka za majumbani ina sura mbili kubwa. Katika ya kwanza, halmashauri inakusanya ada yenyewe kisha inamlipa mkandarasi kwa tani au kwa tripu. Katika ya pili, mkandarasi anapewa eneo, anazoa, na anakusanya ada mwenyewe mlango kwa mlango. Hii ya pili ndiyo iliyozoeleka Dar es Salaam tangu mwanzo, kwa sababu haiigusi bajeti ya halmashauri. Madiwani huipenda kwa sababu hiyohiyo.

Tupige hesabu ya mfano. Mtaa una kaya 500, kila kaya ina watu watano, na kila mtu anazalisha kilo 0.4 za taka kwa siku. Kila kaya inatoa kilo 14 kwa wiki, na mtaa mzima tani 7. Taka zetu zina maganda na mabaki mengi ya chakula, kwa hiyo ni mbichi na nzito. Tuchukue kilo 350 kwa mita moja ya ujazo. Tani 7 zinakuwa mita za ujazo 20, yaani tripu mbili za tipa la mita 10, au tripu nane kwa wiki nne. Tuseme kila tripu inakula shilingi 90,000 za mafuta, dereva, ada ya dampo na matengenezo. Jumla ni 720,000. Ada ikiwa 3,000 kwa kaya na wote wakalipa, inaingia 1,500,000, na zinabaki 780,000 za kuwalipa wapakiaji na mkusanya ada, kodi na faida. Wakilipa nusu tu ya wakazi, inaingia 750,000. Zinabaki 30,000.

Elfu thelathini kwa mwezi haimlipi hata mpakiaji mmoja. Lakini gari lazima liende, kwa sababu taka zikikaa siku nne afisa afya wa kata anapiga simu. Sheli haikopeshi, dampo halikopeshi. Anayekopesha ni mpakiaji. Mkandarasi anaweza kuwa mtu mwema kabisa na bado akalimbikiza mishahara ya miezi miwili, kwa sababu hatari yote ya wakazi wasiolipa imetolewa kwenye vitabu vya halmashauri na kuwekwa kwenye mfuko wake, naye anaishusha kwa aliye chini yake.

Ukitaka kujua kama jambo hili limeanza, liangalie gari. Wapakiaji wanne wamekuwa wawili. Mzigo umepita ukingo wa bodi kwa sababu kila tripu iliyookolewa ni 90,000, na kijana amesimama juu ya taka akizikanyaga zishuke. Chupa za plastiki na chuma chakavu vinachambuliwa garini njiani, kwa sababu mauzo yake yamegeuzwa kuwa sehemu ya malipo. Mshahara wa mwezi umekuwa posho ya siku, na posho ya siku imekuwa malipo ya tripu. Masika yakianza, kati ya Machi na Mei, njia za dampo zinakuwa tope, gari linanasa, tripu inakufa, na siku hiyo hailipwi. Aliyeajiriwa na halmashauri kwa mwezi hulipwa hata gari likinasa.

Sheria inampa nini anayepunguzwa

Halmashauri haiwezi kutangaza Ijumaa kwamba Jumatatu kazi ni ya mkandarasi na wafanyakazi waende nyumbani. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kinamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza watu, atoe taarifa zote zinazohusika, kisha ashauriane na chama cha wafanyakazi au wafanyakazi wenyewe. Mambo ya kushauriana yametajwa: sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi ya watakaoondoka, vigezo vya kuwachagua, muda, na kiinua mgongo. Wasipokubaliana, suala linakwenda kwenye usuluhishi. Kosa linalojirudia ni mashauriano kufanyika baada ya zabuni kutangazwa. Wakati huo uamuzi umeshafanyika, na kikao kinakuwa cha kusomewa majina. Chama, ambacho kwa watumishi wa serikali za mitaa Tanzania Bara mara nyingi ni TALGWU, kidai taarifa wakati nyaraka za zabuni bado ni rasimu.

Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika wa utumishi mfululizo, kwa miaka isiyozidi 10. Mfagiaji mwenye mshahara wa msingi wa 390,000 anayefanya kazi siku sita kwa wiki anahesabiwa takriban 15,000 kwa siku. Siku 70 ni 1,050,000. Aliyefagia miaka 22 anapata sawa na aliyefagia 10, isipokuwa mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, uwe umeweka kiwango cha juu zaidi. Juu ya hapo kuna notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi au malipo yake, likizo ambayo hajaichukua, na kama aliajiriwa kutoka mkoa mwingine, gharama za kumrudisha yeye na mizigo yake.

Kuna mtego ambao wengi hawaujui. Sheria hiyohiyo inamnyima kiinua mgongo mfanyakazi anayekataa, bila sababu ya msingi, kazi mbadala kwa mwajiri huyo au mwajiri mwingine. Mkandarasi akimpa kazi naye akakataa kwa mdomo tu, amejiweka pabaya. Akitaka kukataa, akatae kwa barua na aandike sababu: mshahara mdogo kuliko wa awali, mkataba wa miezi mitatu badala ya ajira ya kudumu, kituo cha kazi mbali na anapoishi.

Akikubali, apige hesabu ya hifadhi ya jamii kabla ya kusaini. Kwenye PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, mfanyakazi anakatwa asilimia 5 na mwajiri anachangia 15. Akihamia sekta binafsi anaingia NSSF, ambako mchango ni asilimia 20 na mwajiri anaruhusiwa kumkata mfanyakazi hadi nusu yake. Kwa mshahara uleule wa 390,000, makato yanatoka 19,500 hadi 39,000. Barua ya ajira itasema mshahara haujapungua, mkononi umepungua.

Kinachokosekana kwenye sheria yetu

Afrika Kusini ina kifungu cha 197 cha sheria yake ya mahusiano kazini ya mwaka 1995: shughuli ikihamishwa ikiwa hai, yaani kazi ikiendelea bila kukatika, mikataba ya wafanyakazi inahamia kwa mwajiri mpya pamoja na miaka yao ya utumishi. Uingereza ilikuwa na kanuni za namna hiyo tangu 1981, lakini ziliacha nje shughuli zisizo za kibiashara. Sheria ya 1988 ilipozilazimisha halmashauri za huko kushindanisha kazi za taka, wazoa taka wengi walijikuta nje ya ulinzi huo. Kizuizi hicho kiliondolewa mwaka 1993, na mwaka 1994 Mahakama ya Ulaya ikathibitisha kwamba Uingereza ilikuwa imekosea.

Sheria ya ajira ya Tanzania Bara haina kifungu kinachohamisha mkataba wa ajira moja kwa moja. Kwa hiyo ulinzi ambao kwingine uko kwenye sheria, kwetu lazima uandikwe kwenye zabuni. Usipoandikwa, anayeshinda ni mwenye bei ndogo, na kwenye kazi ya taka bei ndogo haitokani na dizeli, kwa sababu dizeli ni bei moja kwa wote. Inatokana na watu.

Nyaraka za zabuni zitaje idadi ya chini ya wapakiaji kwa kila gari. Zitaje mshahara wa chini, tarehe ya kulipa, na kwamba wafanyakazi wa zamani wanapewa nafasi ya kwanza na miaka yao inatambuliwa. Malipo ya mkandarasi yaambatane na uthibitisho wa michango ya NSSF na wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ya mwezi uliotangulia. Karatasi hizo mbili zinazuia mengi kuliko ukaguzi wa mara moja kwa mwaka. Na dhamana ya utekelezaji, ile rehani ambayo mkandarasi huiweka kwamba atatimiza kazi, iruhusiwe kulipa mishahara iliyolimbikizwa mkandarasi akiondoka. Ada nayo ni bora ikusanywe na halmashauri kwa namba ya malipo, mkandarasi alipwe kwa kazi aliyoifanya. Ni mzigo kwa bajeti, lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeliacha jukumu la taka ngumu kwa serikali za mitaa, na mkataba hauliondoi jukumu hilo.

Halmashauri isiuze magari yote wala isiwaachie madereva wote. Mkandarasi akikimbia katikati ya masika, taka za majumbani zinaanza kunuka ndani ya siku mbili, na kumpata mwingine kwa utaratibu wa manunuzi kunachukua majuma. Magari machache yanayotembea na watu wanaozijua njia ndiyo nguvu pekee ya halmashauri mezani wakati mkandarasi anapodai bei ipandishwe.

Mikono na damu

Glovu za kitambaa hazizuii sindano. Mpakiaji anahitaji glovu nene za ngozi au raba, buti zenye soli ngumu, na chanjo ya homa ya ini aina ya B, dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Wanaolipwa kwa tripu huikosa ya tatu kwa sababu kwenda kituo cha afya ni kupoteza siku. Akichomwa na sindano, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni bila kulikamua, na aanze dawa za kinga ya VVU mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72. Tukio liandikwe siku hiyohiyo na mwajiri alipeleke Mfuko wa Fidia ndani ya siku 7. Kibarua naye ana haki ya fidia, hata kama jina lake liko kwenye daftari la msimamizi tu. Daftari hilo lipigwe picha.

Anayepunguzwa asiondoke bila barua ya kusitishwa kazi yenye sababu, mchanganuo wa malipo, hati ya utumishi, na taarifa ya michango yake ya PSSSF mwezi kwa mwezi. Mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 kwa fomu namba 1. Madai mengine ni siku 60. Kwa mtumishi wa umma, kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma, kilichoongezwa mwaka 2016, kinamtaka amalize kwanza njia za rufaa za utumishi wa umma. Kwa hiyo swali la kwanza kwa afisa wa chama, siku barua inapopokelewa, ni mlango upi wa kubisha kwanza na siku zilizobaki ni ngapi.