Krimu za steroidi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ikifika Juni, baridi ya Moshi na Arusha hukausha ngozi, na wenye pumu ya ngozi huanza kujikuna usiku kucha. Ndipo tyubu ya krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza muwasho na uvimbe wa ngozi, iliyomfaa jirani huazimwa, na maneno yake yakafuata nayo.

"Yenye asilimia kubwa ndiyo kali."
Sivyo. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ni laini. Klobetasoli ya asilimia 0.05 ndiyo kali kupita zote, inaizidi ile mara mamia. Betamethasoni valereti ya asilimia 0.1 ni kali pia, ila iko chini ya klobetasoli. Asilimia huonyesha kiasi cha dawa kilichomo, haipimi makali yake. Soma jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo, usiishie kwenye jina kubwa la biashara.

"Imetuliza muwasho, basi ni dawa ya fangasi."
Hili ndilo linaloharibu ngozi nyingi. Choa hujulikana kwa duara lake: ukingo umeinuka na una magamba, katikati pasafi. Ukipaka steroidi, muwasho unatulia na ukingo unafifia ndani ya siku chache, mama anaona mtoto amepona. Kumbe steroidi imenyamazisha kinga ya ngozi tu, na fangasi wanaendelea kutambaa. Ukiacha, choa kinarudi kipana zaidi, kina vipele, na duara limevurugika kiasi kwamba hata mtaalamu anaweza asikitambue kwa macho. Choa cha mwilini hupakwa dawa ya fangasi, kama klotrimazoli, na huendelezwa wiki moja au mbili baada ya alama kufutika. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu. Yanahitaji dawa ya kumeza. Zile krimu za "tatu kwa moja", zinazochanganya dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi, nazo zina steroidi ndani, mara nyingi kali, kwa hiyo si za kujaribia upele usioujua.

"Paka kidogo kama chumvi."
Wengine husema paka nyingi upone upesi. Kipimo kipo kidoleni: kamua mstari kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye mkunjo wa kwanza. Hiyo ni karibu nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Mkono mzima wa mtu mzima, bila kiganja, unahitaji mistari mitatu. Mguu, bila wayo, sita. Mara moja au mbili kwa siku yatosha. Mafuta mgando yasipakwe papo hapo juu ya dawa. Acha kama nusu saa ipite.

"Ngozi ni ngozi, popote paka."
Kope, uso, makwapa na sehemu za siri hunyonya dawa kuliko viganja. Nepi nayo hufunika na kuizidishia nguvu. Klobetasoli usoni huleta chunusi, vishipa vyekundu na ngozi nyembamba. Karibu na macho, hatari ni presha ya macho na mtoto wa jicho. Mikorogo mingi inayouzwa kwenye vikopo visivyo na lebo ina dawa hiyohiyo. Weupe unaosifiwa ni madhara yake.

"Steroidi ni sumu, mtoto asiguswe."
Pumu ya ngozi isiyotibiwa huleta vidonda vya kukuna na bakteria juu yake. Haidrokotisoni ya asilimia 1 kwa siku chache, kwa maelekezo, ni salama kwa watoto wengi. Mabaka meupe yanayobaki mara nyingi ni alama ya pumu yenyewe, na hufifia kwa miezi.

Aliyepaka steroidi kali kwa miezi asiiache ghafla peke yake: ngozi inaweza kuwaka na kuchubuka. Aende kliniki ya ngozi, iwe ya hospitali ya KCMC, Moshi, au hospitali iliyo karibu, na abebe tyubu zote, hata kikopo cha mkorogo.