Kabla Hujageuza Shamba la Mpunga Kuwa la Miwa

Katika nyanda za Kano, kaunti ya Kisumu, mpunga na miwa ni majirani wa miaka mingi. Skimu ya umwagiliaji ya Ahero ilianza mwishoni mwa miaka ya 1960, West Kano ikafuata katikati ya miaka ya 1970, na viwanda vya sukari viko Chemelil na Muhoroni. Ndiyo maana sisi maafisa wa ugani huulizwa: nikiacha mpunga nikapanda miwa, nitapoteza nini?

Anayeuliza ana sababu zake. Bili ya pampu imemchosha, kwelea kwelea hushuka kwa makundi punje zikianza kujaa, na dalali humpimia kwa gunia lililojazwa hadi kuvimba. Miwa haihitaji mtu wa kufukuza ndege. Tatizo ni kwamba hesabu hupigwa kwa shilingi peke yake.

Mpunga hukomaa kwa miezi 4 hadi 5. Miwa ya kwanza huchukua kama mwaka mmoja na nusu, na zaidi ya hapo kiwanda kikisimama au zamu yako ya kukatiwa ikichelewa. Sasa tazama jikoni. Gunia la kilo 100 za mpunga likikobolewa vizuri hutoa kilo 60 hadi 65 za mchele. Nyumba inayopika kilo 2 kwa siku hulimaliza kwa mwezi, kwa hiyo magunia 12 ghalani ni chakula cha mwaka. Ukishapanda miwa, mchele huo utaununua dukani, na bei yake haipangwi Ahero. Kenya huagiza sehemu kubwa ya mchele wake kutoka nje. India ilipozuia kuuza nje mchele mweupe usio basmati, Julai 2023, bei ilipanda katika soko la dunia lote.

Kuna na suala la maji, ambalo wengi hawalifikirii. Ahero hupandisha maji kutoka mto Nyando kwa pampu za umeme. Wakulima wakihama mmoja mmoja, gharama huwaelemea waliobaki, na mwenye shamba la mpunga lililozungukwa na miwa hupokea ndege wote wa eneo hilo. Isitoshe, shamba la mpunga limesawazishwa ili maji yatulie. Trekta likishachora mifereji ya miwa, kulisawazisha tena ni pesa. Na huo udongo wetu mweusi hushika maji, nayo miwa haipendi kusimama majini muda mrefu.

Hatusemi miwa isilimwe. Mwenye ekari 4 aache angalau moja ya mpunga, iliyo karibu na mfereji mkuu. Mkataba wa miwa usomwe na mume na mke pamoja, hasa sehemu ya makato: kulimiwa, mbegu, mbolea, usafirishaji. Hayo yote hukatwa kabla senti ya kwanza haijakufikia.