Sindano za Kupunguza Uzito: Kwa Nini Dozi Haipandishwi Haraka

Watu wengi wanaonijia dukani kwa ajili ya sindano za kupunguza uzito hutaka kujua kama wanaweza kuanza na dozi kubwa ili matokeo yaonekane mapema. Nikiwa mfamasia, nawajibu kwamba hapana, na nadhani kila mtumiaji ana haki ya kuelezwa sababu.

Semaglutidi, ambayo kwa matibabu ya unene huuzwa kwa jina la Wegovy, huiga homoni ya GLP-1 inayotolewa na utumbo baada ya mlo. Hupunguza hamu ya kula kupitia ubongo na huchelewesha chakula kutoka tumboni. Utendaji huo huo ndio unaoleta kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kufunga choo. Kwa hiyo mgonjwa huanza na miligramu 0.25 mara moja kwa wiki, kiasi kilichokusudiwa kuuzoesha mwili tu, kisha kila baada ya wiki 4 hupanda hadi 0.5, 1, 1.7 na hatimaye 2.4. Anayesumbuliwa na tumbo anaweza, kwa ushauri wa daktari, kubaki kwenye ngazi moja kwa muda mrefu zaidi, na hilo si kushindwa hata kidogo. Anayeruka ngazi anaweza kutapika mpaka apungukiwe maji mwilini, hali inayoweza kudhuru figo.

Katika utafiti wa STEP 1 uliochapishwa mwaka 2021, waliotumia dozi kamili pamoja na kurekebisha chakula na mazoezi walipungua kwa wastani wa takribani asilimia 15 katika wiki 68. Walipofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha, walikuwa wamerudisha karibu theluthi mbili ya uzito huo, ndiyo maana nasisitiza gharama ya muda mrefu ipigiwe hesabu kabla ya sindano ya kwanza. Misuli nayo hupungua pamoja na mafuta, hivyo maharage, mayai, dagaa na mazoezi ya nguvu visikosekane hata hamu ya kula ikiwa ndogo.

Dawa hii haimfai mwenye historia ya saratani ya tezi ya thairoidi aina ya medula, yeye mwenyewe au katika familia, wala mjamzito. Anayepanga kushika mimba aiache angalau miezi 2 kabla. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi amwone daktari kwanza, kwa kuwa sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Maumivu makali ya tumbo yanayoelekea mgongoni yanaweza kuwa dalili ya kuvimba kwa kongosho: acha sindano na uende hospitali mara moja.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni kalamu za sindano zinazouzwa mitandaoni. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic (semaglutidi inayouzwa kwa ajili ya kisukari) bandia zilizogunduliwa Brazil, Uingereza na Marekani, likaeleza kwamba baadhi ya bidhaa za namna hiyo zinaweza kuwa na insulini isiyotajwa. Nunua kwa cheti cha daktari katika famasia iliyosajiliwa, uulize ilivyohifadhiwa, kwani kabla ya kufunguliwa hukaa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka.